Mazuku, ziwa Kivu na mbabula: sayansi ya darasani inayolinda maisha Kivu

Densité, pression, solubilité, combustion. Maneno haya manne yamo katika daftari la karibu kila mwanafunzi wa sekondari anayesoma sayansi Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira. Wengi wanayashika kwa kichwa, wanayaandika siku ya interro, wanayatafuta tena Examen d'État inapokaribia, kisha yanabaki kwenye daftari.

Lakini kuna sehemu chache duniani ambako maneno hayo yako karibu na mlango wa nyumba kama huku Kivu. Ndiyo yanayoeleza sababu mbuzi anakufa ndani ya shimo huku mchungaji aliyesimama pembeni akibaki mzima. Ndiyo yanayoeleza kwa nini ziwa Kivu linashika gesi nyingi bila kuiachilia, kwa nini maharage yanachelewa kuiva Goma, na kwa nini mbabula iliyoachwa chumbani usiku inaweza kuua jamaa nzima. Mwanafunzi anayeyaelewa anaweza kuwasaidia watu wa kwao. Aliyeyashika kwa kichwa tu atapata pointi zake, basi.

Densité: gesi inayoteremka sawa maji

Wakaaji wa Goma na vijiji vya kandokando wanaita mazuku zile sehemu za chini ambamo ndege, mbwa, mbuzi na hata watu wanakufa bila alama ya jeraha. Zamani wengi walisema ni upepo mbaya, ao kazi ya mizimu. Leo neno hilo la Kivu limeingia katika maandishi ya wanasayansi wa volkano ulimwenguni: wanapoeleza gesi ya volkano inayojikusanya mahali pa chini, wanaandika "mazuku" hivyo hivyo.

Gesi yenyewe ni CO2, gaz carbonique. Ni ileile ambayo mtu anaitoa anapopumua, na ileile inayoleta povu katika chupa ya Fanta. Haina rangi wala harufu. Inatoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya volkano katika eneo la Nyiragongo na Nyamulagira. Upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Bulengo na Lac Vert, ni moja ya sehemu ambako watafiti wameipima.

Kwa nini inakaa chini? Jibu liko kwenye tablo ya Mendeleïev inayobandikwa ukutani mwa darasa. Kaboni ina uzito wa 12, oksijeni 16. CO2 ina kaboni moja na oksijeni mbili: 12 + 16 + 16 = 44. Hewa ya kawaida, ambayo karibu yote ni azote (28) na oksijeni (32), ina wastani wa 29. Gesi mbili zikiwa na ujazo mmoja, joto moja na pression moja, zinakuwa na idadi moja ya molekuli. Basi inatosha kugawanya 44 kwa 29, na jibu ni karibu 1,5. CO2 ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu.

Ni hesabu ya dakika moja, lakini inaeleza mambo mengi. Gesi inateremka na kujaza shimo, bonde ao msingi wa nyumba uliochimbwa, kama vile maji yanavyojaza beseni. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia, inazidi kujikusanya. Jua likipanda na upepo ukivuma, sehemu kubwa inatawanyika, ila kuna mashimo ambayo yanabaki na gesi hata saa sita za mchana. Mtoto ni mfupi kuliko mzazi, na mbuzi ni mfupi kuliko mchungaji: vichwa vyao ndivyo vinavyoingia kwanza ndani ya gesi.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini mazuku inaua mtu wa pili. Mama anaona mtoto ameanguka, anainama kumnyanyua, na kichwa chake kinafika palepale kilipo kichwa cha mtoto. Katika hewa ya kawaida CO2 ni karibu asilimia 0,04 tu. Ikipita asilimia 10, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa muda mfupi, na ndani ya mazuku inaweza kupita kiwango hicho mara kadhaa. Ndiyo maana shauri la kwanza ni kutoteremka wala kuinama peke yako, bali kuita watu.

Kuna wanaoshusha mshumaa ao kibiriti kinachowaka ili kupima shimo. Moto ukizimika, hatari iko wazi. Lakini moto ukiendelea kuwaka, hiyo si hakikisho kwamba mahali ni salama: CO2 inaanza kuudhuru mwili wa mtu kabla ya kufika kiwango cha kuzima moto.

Solubilité na pression: chupa kubwa ya Kivu

Chukua chupa ya Fanta ambayo haijafunguliwa. Ndani hakuna povu, ingawa gesi imo. Kifuniko kinashikilia pression, na pression inaishikilia gesi ikiwa imeyeyuka ndani ya maji. Fungua kifuniko: pression inashuka, gesi inatoka mbio. Mwaka 1803, mwanakemia Mwingereza William Henry alieleza kanuni ambayo hadi leo inabeba jina lake: kadiri pression ya gesi inavyozidi, ndivyo maji yanavyoweza kuyeyusha gesi nyingi zaidi. Na chupa iliyokaa juani inamwaga povu kuliko ile ya baridi, kwa kuwa maji ya moto yanashika gesi kidogo.

Ziwa Kivu ni chupa ya namna hiyo, ila halina kifuniko cha chuma. Kifuniko chake ni uzito wa maji yenyewe. Kila mita 10 za kwenda chini zinaongeza karibu atmosphère moja ya pression. Kwenye kina cha mita 300, maji yanagandamiza kwa atmosphère karibu 30. Na ziwa linafika kina cha mita 480 hivi.

Chini huko mna takriban kilomita za ujazo 300 za CO2 na 60 za metani, ikiwa gesi hizo zingepimwa juu ya maji kwa pression ya kawaida. Kilomita moja ya ujazo ni kama sanduku lenye urefu wa kilomita moja, upana wa kilomita moja na kimo cha kilomita moja. CO2 nyingi inatokana na volkano. Metani inatengenezwa na vijidudu vinavyoishi mahali pasipo na oksijeni.

Kwa nini gesi hiyo haipandi? Densité inarudi tena. Maji ya chini yana chumvi nyingi na CO2 iliyoyeyuka, kwa hiyo ni mazito kuliko maji ya juu, ingawa yana joto zaidi kidogo. Maji mazito yakiwa chini na mepesi juu, hayachanganyiki kwa urahisi. Wavuvi wa sambaza wanaishi na jambo hilo kila usiku hata bila kulitaja: sambaza wanakaa katika maji ya juu tu, kwa sababu kutoka mita 60 hivi kwenda chini hakuna oksijeni.

Somo la Nyos, na hofu ya 2021

Hatari ya ziwa lenye gesi si hadithi. Nchini Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa ghafula wingu kubwa la CO2. Kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, iliteremka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1.700 pamoja na maelfu ya ng'ombe, wengine wakiwa mbali na ziwa kwa kilomita zaidi ya 20. Miaka miwili mbele, mwaka 1984, ziwa Monoun, katika nchi hiyohiyo, lilikuwa limeua watu 37.

Ziwa Kivu ni kubwa kuliko Nyos zaidi ya mara elfu moja kwa eneo, na watu zaidi ya milioni mbili wanaishi kandokando yake, upande wa Kongo na upande wa Rwanda. Basi hofu ina msingi. Lakini kuna jambo la pili ambalo mwanafunzi aliyeelewa solubilité anaweza kulifasiria kwa majirani. Ili gesi itoke yenyewe, ni lazima maji yawe yamejaa, yaani yawe na gesi yote ambayo yanaweza kuyeyusha kwa kina hicho. Vipimo vilivyofanywa vinaonyesha kwamba Kivu bado halijafika hapo. Njia nyingine ni nguvu kubwa sana inayonyanyua maji ya chini hadi mahali pression inaposhuka.

Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Watafiti walipopima baadaye, waliona kwamba matabaka ya chini yenye gesi hayakutikiswa. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena. Siku chache baadaye watu kadhaa walikufa kwa kukosa hewa walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa ingali inapoa. Tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame, kwa hofu kwamba magma ilikuwa imepita chini ya mji na chini ya ziwa. Mamia ya maelfu ya watu walitoka, wakielekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Ziwa halikutoa gesi yake.

Uamuzi wa kuhamisha watu ulitokana na tahadhari, na mkaaji mwenye akili anaufuata. Lakini katika siku kama hizo, simu zinajaa habari za kila namna: ziwa linachemka, ziwa litalipuka saa tisa za usiku. Mtu anayejua kwamba maswali mawili tu yana maana, yaani je, maji yamejaa gesi, na je, kuna nguvu inayoweza kunyanyua maji ya chini, hatapumbazwa na kila sauti ya WhatsApp. Anajua pia kwamba ghuba ya Kabuno, kaskazini-magharibi mwa ziwa, inahitaji uangalizi wa pekee, kwa sababu huko maji yenye CO2 nyingi yanaanza karibu sana na juu.

Gesi hiyohiyo ni mali pia. Metani ina uzito wa 16 tu, ni nyepesi kuliko hewa, na inawaka: CH4 + 2 O2 inatoa CO2 + 2 H2O pamoja na joto. Tangu miaka ya 1960, metani ya Cap Rubona ilitumiwa kupasha moto mitambo ya kiwanda cha bia huko Gisenyi. Tangu mwaka 2016, mtambo wa KivuWatt, Karongi, unaitumia kutoa umeme wa megawati 26 hivi. Bomba linateremshwa hadi kwenye maji yenye gesi. Maji yakianza kupanda ndani ya bomba, pression inashuka, povu linatokea, na povu lenyewe linavuta maji mengine kwenda juu. Ni chupa ya Fanta iliyofanywa kuwa kazi ya injinia.

Kwa nini maharage yanachelewa kuiva

Pression haiko ziwani tu. Hewa nayo ina uzito, na kadiri mtu anavyopanda mlima, hewa iliyo juu yake inapungua. Goma iko kwenye kimo cha karibu mita 1.460 juu ya bahari, na pression ya hewa ni ndogo kuliko kule Moanda, kwenye bahari ya Atlantiki. Maji yanachemka pale mvuke wake unapoishinda pression ya hewa. Moanda yanachemka kwa digrii 100. Goma yanachemka kwa digrii 95 hivi, na hata ukiongeza makala, hayatapita hapo ndani ya sufuria ya kawaida.

Ndiyo sababu maharage yanachukua saa nyingi. Sufuria inayofungwa kabisa, ile inayoitwa cocotte-minute, inazuia mvuke, inapandisha pression, na maji yanapita digrii 100. Asiye na sufuria hiyo anaweza kuloweka maharage usiku kucha. Makala inayobaki ni pesa ya mama, na ni miti inayobaki msituni.

Swali moja linaulizwa mara nyingi kipindupindu kinapotokea: je, maji yanayochemka kwa digrii 95 ni salama? Ndiyo. Vijidudu vya kipindupindu vinakufa kabla ya hapo. Cha maana ni kungoja maji yachemke kwa nguvu, kisha kuyatunza katika chombo safi chenye kifuniko.

Combustion: moto usio na moshi unaua pia

Usiku wa mvua, Bukavu, Butembo ao Lubero, baridi inawafanya wengine waingize mbabula chumbani. Moshi ukiisha na makala ikiwa nyekundu, wanafunga mlango na dirisha. Wanadhani hatari imekwisha pamoja na moshi.

Makala ni kaboni. Ikipata oksijeni ya kutosha, inatoa CO2. Oksijeni ikipungua, kaboni inapata oksijeni moja badala ya mbili, na inatoka CO, yaani monoxyde de carbone. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ndani ya damu inashikamana na hemoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaweza kuumwa na kichwa, kusikia kichefuchefu na kulegea. Aliyelala anaweza asiamke.

Hapa kuna swali zuri la kutofautisha aliyeelewa na aliyeshika kwa kichwa. Uzito wa CO ni 12 + 16 = 28. Hewa ni 29. Je, mtu akilala kwenye kitanda kirefu, anaweza kuiepuka kama anavyoepuka mazuku kwa kukaa juu? Hapana. CO ina uzito karibu sawa na hewa, inachanganyika na kujaza chumba kizima, juu na chini. Kinachosaidia ni kutoa mbabula nje kabla ya kulala. Jenereta, ile watu wanayoita groupe, nayo haipaswi kuwashwa ndani ya nyumba. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye mbabula, fungua mlango wote, mtoe nje kwenye hewa safi, na umpeleke kwenye kituo cha afya.

Laboratwari ya bei ndogo

Shule nyingi za Kivu hazina laboratwari. Mwalimu ana ubao, chaki na darasa lililojaa. Tena masomo yanatolewa kwa Kifaransa, wakati nyumbani watoto wanasema Kiswahili, Mashi, Kinande ao Kinyarwanda. Mwanafunzi anaweza kuandika maana ya densité bila kosa na asione kwamba inahusu shimo lililo nyuma ya nyumba yao. Hata hivyo, majaribio matatu yanaweza kufanyika kwa vitu vya butike ya jirani.

La kwanza ni la mazuku. Weka mishumaa miwili, mfupi na mrefu, ndani ya beseni lenye kina, na uiwashe. Katika kikombe kingine changanya bikarbonati na maji ya ndimu, povu litoke, kisha inamisha kikombe polepole kwenye ukingo wa beseni bila kumwaga maji. Gesi isiyoonekana inateremka, na mshumaa mfupi ndio unaozimika kwanza. Darasa zima linaona sababu ya mtoto kuanguka kabla ya mtu mzima.

La pili ni la ziwa. Weka yai bichi ndani ya glasi ya maji: linazama. Ongeza chumvi na ukoroge, hadi yai lielee. Kisha mimina maji yasiyo na chumvi polepole sana juu yake, kwa kupitisha kwenye kijiko. Yai linabaki katikati, kati ya maji mazito na maji mepesi, na hayo maji mawili yanakaa bila kuchanganyika, kama matabaka ya Kivu.

La tatu ni chupa ya Fanta yenyewe, moja ya baridi na moja iliyokaa juani, zikifunguliwa mbele ya darasa. Hakuna mwanafunzi atakayesahau solubilité baada ya hapo.

Kazi ya nyumbani inayofuata haihitaji daftari. Mwanafunzi amweleze bibi yake, kwa lugha ya nyumbani, kwa nini mbabula itoke nje kabla ya kulala, na kwa nini mbuzi wasifungwe bondeni usiku. Akishindwa kueleza bila maneno ya Kifaransa, bado hajaelewa, na arudi kwa mwalimu.

Katika Examen d'État, swali la densité linaweza kuwa na pointi chache tu. Lakini kwa jamaa inayojenga Bulengo, jibu la swali hilo linaonyesha mahali pa kuchimba msingi, mahali pa kufunga mifugo, na mahali ambapo mtoto asilazwe.